Mkate wa Madirisha

Limbani, Wete, Pemba
Mfunguo Tano, 1960

Kwa kaka yangu aliyenilea, Khatib bin Mmanga, Tanga.

Assalaam alaykum. Naomba waraka huu ukukute umekaa kitako, kifua kimetulia, na wifi yangu pamoja na watoto wakiwa katika hali njema. Sisi huku hatujambo. Karafuu zimeanikwa mpaka kwenye baraza za watu, na harufu yake imeingia hata katika mito ya kulalia. Shangazi Time hajambo kuliko sote. Hilo nalisema mapema na kwa kusudi, maana najua habari zimefika Tanga kwamba yu mahututi. Si kweli. Yuko hapa pembeni yangu anamenya chungwa, na ameniamuru nikuandikie kwamba meno aliyobakiwa nayo yote yanafanya kazi.

Najua vilevile kwamba barua ya Mzee Kificho imekutangulia kukufikia. Sijaiona, lakini naweza kukisia yaliyomo. Atakuwa amekuandikia kwamba nilimlisha chakula cha wagonjwa nyumbani kwangu, kwamba niliwakusanya wanawake wa mtaa wakamsomea dua mchana kweupe, na kwamba wewe, rafiki yake wa chuoni, umemtangazia siri zake za mwilini. Kaka, hayo ya kwako si kweli, na nitakuwa shahidi wako popote. Ya kwangu ni kweli yote. Ninachokuomba ni kimoja tu: usikunje uso na usitoe kauli yoyote mpaka umeifikia sahihi yangu chini. Wewe ndiye walii wangu wa kuniozesha. Kauli yako ndiyo itakayoamua nitakunywa chai na nani umri wangu uliobaki, nami sitaki uitoe ukiwa na hasira.

Mwanzo wa mambo haya ni wewe mwenyewe. Uliniandikia kwamba Mzee Kificho wa Chake Chake amefiwa na mkewe na anatafuta wa kukaa naye, kwamba umeshamwambia wewe kwa upande wako huna pingamizi, na kwamba karafuu zikianza kukauka atakuja Wete siku ya Ijumaa asubuhi, yeye na dada yake Bi Khairiya, wafungue kinywa kwangu. Ukaniusia nisimwekee maandazi wala vitumbua, kwa kuwa mzee huyo amekula Unguja, amekula Mombasa, na vitumbua havimshitui tena. Nimpikie, ulisema, kitu ambacho hajakikuta katika nyumba yoyote ya Pemba. Sasa niambie, kaka, aliyemtii kaka yake kosa lake liko wapi?

Nikawaza, nikawazua, mpaka nikakumbuka chuma cha Mjaka.

Mume wangu Mjaka, Mwenyezi Mungu amrehemu, unajua alikuwa mpishi wa Wazungu kule bomani, lakini habari ya chuma hiki nadhani hukuipata. Bwana mmoja katika hao aliamriwa na daktari wake ale shayiri ya kopo kila asubuhi, ile ile tunayoitia katika shurba ya kufuturu mwezi wa Ramadhani. Bwana akakataa katakata. Uji wa shayiri akauita gundi. Ndipo bibi yake akatoa sandukuni kitu cha kwao: vibao viwili vya chuma vizito, vimeungwa upande mmoja kwa bawaba, vina mikono mirefu ya kushikia, na ndani vimejaa vijumba vya mraba vilivyochomoza. Mjaka akaitwanga shayiri, akaichanganya na maziwa na yai, akaimimina humo, akafunga, akakiweka chuma motoni. Alipofungua akakuta mkate mwembamba uliojaa vishimo mistari kwa mistari. Wazungu huuita waflo. Mjaka aliuita mkate wa madirisha, na sisi nyumbani hatujaubadilisha jina. Wazungu wale walipohama wakamwachia Mjaka chuma, na Mjaka alipohama dunia akaniachia mimi.

Enzi ya uhai wake, asubuhi ya kila sikukuu alikuwa akinipikia yeye. Alinikataza kunyanyuka. Alitia tui la nazi badala ya maziwa, na iliki, na akapaka samli ikiwa moto, na mimi nikikaa mkekani mithili ya bibi harusi. Tangu alipokufa sikukigusa chuma kile. Na jambo jingine ambalo sikuwahi kukwambia, kaka: tangu alipokufa nilikuwa nikinywa chai nimesimama mlangoni mwa jiko, kikombe mkononi. Kukaa peke yangu mbele ya sinia kulinishinda. Shangazi huamka jua limeshapanda, na chai ya peke yako ukikaa nayo inakuwa ndefu.

Basi nilipokitoa chuma uvunguni nikakuta bawaba imekatika kwa kutu. Nikamtuma Shangazi akipeleke kwa fundi bati aliye karibu na soko, Silima, mtu wa Pujini, anayetengeneza vibatari na mikebe ya kupimia mafuta. Shangazi alirudi akicheka. Alisema waliokuwa dukani kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alisema ni mtego wa panya wa Kizungu, mwingine akasema ni cha kumtia ng'ombe alama. Silima peke yake ndiye aliyekichunguza. Alikifungua, akakifunga, akakinusa, halafu akauliza ni mkate gani unaopikwa humu, kwa sababu kinanukia iliki.

Wakati chuma kiko kwa fundi nikaenda dukani kwa Bwana Nurmohamed kununua shayiri. Sasa kaka, wewe umekaa Tanga miaka mingi na huenda umesahau tabia ya kwetu. Shayiri ya kopo ikinunuliwa Ramadhani, ni shurba. Ikinunuliwa mwezi mwingine wowote, pana mgonjwa. Hakuna maana ya tatu. Bwana Nurmohamed alinipa kopo kwa mikono miwili, akanipa pole, na akanieleza jambo jingine ambalo nitakueleza mbele. Mke wa mwadhini alikuwa ananunua vibiriti. Aliliangalia kopo, akaniangalia mimi, akaguna. Nikamwambia hakuna mgonjwa, ni mkate tu. Akanijibu kwa upole kwamba ndivyo, mtu hapendi kusema.

Alasiri ile ile wakaanza kuja kumtazama mgonjwa.

Mimi siumwi, wamenikuta nafua. Basi mgonjwa akawa Shangazi, kwani ndani ya nyumba hatumo wengine. Alikuwa amejinyoosha kidogo baada ya sala ya adhuhuri, kanga usoni, na walipoingia wakiwa na machungwa na ndizi na sauti za chini, Shangazi alifumbua jicho moja, akayaona machungwa, akalifumba. Nilijaribu kusema. Wakaninyamazisha nisimchoshe. Wakamsomea, wakampapasa miguu, wakamsifu uzuri wake wa ujana, na Shangazi akawa anaitikia kwa kuugua kidogo kila walipofika mahali pazuri. Walipoondoka nikamuuliza haoni haya. Aliniambia kwamba watu wametoka majumbani mwao kuja kutenda wema, wewe unataka warudi bila thawabu? Sasa hivi anasoma begani mwangu na anasema nimeongeza chumvi. Sikuongeza hata chembe, kaka.

Chuma kiliporudi, Silima alituma salamu kwamba bawaba anaijua lakini mkate haujui, kwa hiyo hawezi kusema kazi imekwisha mpaka aone mkate umetokaje. Nikaona ana haki. Nikaitwanga shayiri, nikaichekecha, nikaikanda laini kwa tui zito na hamira na yai, nikaiacha iumuke. Mkate wa kwanza uligoma kutoka, nikaukwangua kwa kisu vipande vipande. Wa pili uliungua chini, juu ukabaki ubichi. Mjaka alikuwa akikigeuza chuma kwa mkono mmoja, mimi mkono wangu hauna nguvu hizo. Nikaona haya, lakini ahadi ni ahadi, nikampelekea fundi ushahidi kwenye sahani, ulioungua na uliokwanguliwa, nikaufunika kwa kawa.

Sahani ikarudi na faneli mpya ya bati juu yake. Unajua kwetu sahani ya mtu hairudishwi tupu, hata kama alichokuletea kilikuwa makaa. Pamoja na faneli likaja neno: chuma kipelekwe tena, bawaba inabana, ndiyo maana mkate unang'ang'ania. Na kilipokuja mara ya pili kilikuwa na kisinia cha bati kinachokaa juu yake barabara. Shangazi alinieleza alivyoelezwa. Silima alisema kwamba mkate wetu wa kumimina, ule wa mchele, hatuugeuzi, tunapalia makaa juu na chini, sasa Wazungu walikuwa wanahangaika kugeuza kitu gani? Nikaweka makaa chini, nikaweka makaa juu ya kisinia. Kaka, mkate ulitoka wa rangi ya dhahabu pande zote mbili, madirisha yamesimama, hata moja halikubomoka. Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni.

Nikampelekea. Sahani ikarudi na mbuzi wa kukunia nazi mwenye meno mapya. Nikapeleka tena, ili aone kama ule wa jana haukuwa bahati. Ikarudi na kibatari. Shangazi akaleta habari kwamba fundi haulizi asali, anaula kwa mchuzi wa pweza, na amesema aliyebuni vishimo hivi alikuwa fundi mwenziwe, kwani kila dirisha linashika mchuzi wake na mchuzi haukimbii. Nikasema mtu huyu hana adabu, mkate wa asali na pweza wapi na wapi. Kesho yake nikajaribu kwa pweza nikiwa peke yangu. Sikumwambia mtu.

Wakati huo wote makopo ya shayiri yalikuwa yanakwisha, na kila kopo nililonunua, ugonjwa wa Shangazi ulizidi. Kopo la pili wakasema hawezi kula kitu kingine. Kopo la tatu wakasema hamtambui mtu. Siku hizi watu wetu wamegawanyika, wanaulizana chama kabla ya kujibu salamu, lakini kwa Shangazi walikuja wa chama hiki na wa chama kile, wakakaa mkeka mmoja, na yeye akawaombea suluhu kwa sauti dhaifu. Machungwa tulikula mpaka tukawagawia mbuzi wa jirani.

Ijumaa ikafika. Mzee Kificho alikuja kwa teksi, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, kilemba, fimbo yenye kichwa cha fedha, udi umemtangulia mlangoni. Nitasema haki: ni mtu mwenye haiba na ulimi wake ni mzuri. Alikaa ukumbini na dada yake, Shangazi akiwahudumia, mimi nikiwa nyuma ya pazia kama heshima inavyotaka, na jiko langu la makaa uani. Mkate wa kwanza aliugeuza geuza, akauinua usawa wa macho akaniangalia, au tuseme akaliangalia pazia, kana kwamba anachungulia dirishani. Akauliza vishimo hivi vimechimbwa na nani. Akala kipande. Akala mzima, akala wa pili na samli, wa tatu na asali, akasema kwamba Mombasa hakuna, Unguja hakuna, na kwamba Khatib hakumdanganya. Nilifurahi kwa ajili yako, kaka, kwa kweli.

Akiwa na wa nne mkononi akaanza kueleza maisha yetu. Alisema kwamba harusi itakuwa karafuu zikishauzwa. Nitahamia Chake. Katika nyumba yake mke huamka kabla ya alfajiri, kwa sababu mgongo wake lazima ukandwe kwa mafuta ya moto, kisha yawekwe maji ya kuoga, yasiwe ya moto wala baridi, kisha uji. Alipofika kwenye uji akakohoa na kubadilisha maneno. Bi Khairiya akaongeza kwamba marehemu mke wake alikuwa hodari sana wa kukanda, mpaka vidole vilipopinda. Hakuna aliyeuliza mimi hupenda kufanya nini asubuhi.

Hapo ndipo ilipopigwa hodi. Mke wa mwadhini na kina mama wa Limbani, jeshi zima, na machungwa. Shangazi alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, birika mkononi, mashavu yamemng'ara, amesahau kabisa kwamba yeye ni wa kufa. Wakamtazama. Akajitazama. Kisha mke wa mwadhini akaliona kopo la shayiri karibu na mlango wa uani, akauona mkono wa Mzee Kificho umeshika kile kilichopikwa, akaiona fimbo, akaona mzee anahudumiwa huku ameegemea mto, na uso wake ukafunguka kwa huruma. "Masikini," akasema, "kumbe mgonjwa ndiye huyu!"

Kabla Shangazi hajameza mate, mzee alikuwa na machungwa mapajani. Wakamzunguka. Wakainua mikono wakamwombea afueni na mwisho mwema. Mmoja akamuuliza kwa upole kama ni tumbo au ni miguu. Mwingine akamfariji kwamba mumewe naye alianza vivi hivi, kwa shayiri, na aliishi miezi mingi tu. Mzee Kificho akapiga ukelele. "Nani kakwambieni mie naumwa? Khatib huyo! Kheri ningeliuambia ukuta!" Na Bi Khairiya, kwa moyo mweupe kabisa wa kumtetea kaka yake, akawaeleza wote kwamba huo si ugonjwa wa kufa, ni tumbo tu, na mgongo, na kizunguzungu akiinuka ghafla, na shayiri anainywa kila siku kwa amri ya daktari, ila hapendi Chake wajue, ndiyo maana huagiza makopo yake kutoka Wete.

Mzee akainuka ghafla. Kizunguzungu kikamshika. Wakamdaka kina mama sita saba, wakamlaza kitandani kwa Shangazi, wakampepea kwa kawa langu. Shangazi hakufurahi, alisema kitanda kile ni chake na wagonjwa hawalali wawili. Mzee alipopata nguvu aliondoka bila kuaga pazia. Bi Khairiya aliyakusanya machungwa yote kwenye kanga, akachukua na mikate iliyobaki, pamoja na sahani yangu, ile ya maua mekundu. Ukimjibu mzee barua yake, kaka, mkumbushe sahani yangu.

Sasa nakufikisha nilikokuwa naogopa kukufikisha.

Jambo aliloniambia Bwana Nurmohamed siku ile ya kopo la kwanza lilikuwa hili: kwamba duka lake lina mnunuzi mmoja mwingine wa shayiri, Mzee Kificho wa Chake, anayetuma dereva wa teksi kimya kimya. Alinieleza kwa nia njema, alidhani tuna maradhi ya namna moja na nitafarijika. Basi nilijua tangu mwanzo. Unga wa ngano ulikuwemo ndani, kaka, gunia halijafunguliwa. Mkate wa madirisha unapikika kwa ngano vizuri tu. Nikautwangia shayiri kwa makusudi. Na si hivyo tu. Hakunijia shetani usiku wa manane kunishawishi, nilikuwa macho na akili zangu timamu nilipokutana na mke wa mwadhini siku ya Alhamisi, akaniuliza saa gani inafaa kuja kumtazama mgonjwa. Nikamwambia Ijumaa asubuhi, baada ya chai. Shangazi ananisoma hapa, na sasa ndiyo kwanza anajua. Ameacha kumenya chungwa.

Nimefanya hila, na nimekutia aibu kwa rafiki yako. Hilo linaniuma na nakuomba radhi, nakuomba radhi miguuni pako. Lakini tangu baba na mama watutoke, ulinilea wewe, ukanisomesha wewe, ukaniozesha kwa Mjaka wewe, na mimi sijawahi kukwambia neno "la" hata siku moja. Sikujua linatamkwaje. Nikaona ni rahisi kumfanya mzee akimbie kuliko mimi kukwambia kaka yangu kwamba simtaki. Huo ndio ukweli wangu na si mzuri.

Jumamosi kulikuwa na kinyunya cha shayiri kilichobakia. Nikakipika, Shangazi akapeleka kwa Silima kama kawaida. Sahani ikarudi tupu. Imeoshwa, imefutwa, inang'ara, na juu yake hamna kitu. Shangazi alinipa huku anatazama pembeni. Kaka, nilihisi damu imenipanda mpaka masikioni. Nikavaa buibui langu, nikaishika sahani, nikaenda mwenyewe mpaka dukani, Shangazi nyuma yangu anahema, nikamuuliza mbele ya wateja wake nimemkosea nini hata anifanyie ufidhuli huu. Aliweka nyundo chini. Hakunitazama, alilitazama bati. Alisema kwamba amezunguka duka zima, na kila anachoweza kukitengeneza ameshakitia kwenye sahani ile. Alisema kilichobaki ni yeye mwenyewe, na yeye haenei sahanini.

Wateja wote waligeuka kunitazama. Hata yule wa mtego wa panya.

Nikamwambia kwamba mimi sahani yangu siirudishi nyumbani tupu hata siku moja, kwa hiyo afunge duka, aichukue yeye mwenyewe, aje kunywa chai barazani, na Shangazi atakaa katikati. Akaibeba kwa mikono miwili, mtaa mzima ukituangalia. Walikaa barazani, mimi nikawapikia ndani, na chai ilipokuwa tayari nikamimina vikombe vitatu, nikatandika mkeka nyuma ya mlango ulio wazi, nikakaa kitako. Nilikunywa chai yangu yote nimekaa, kaka. Ilikuwa imepoa nilipokumbuka kwamba nimekaa, na nikalia kidogo, lakini si kwa huzuni.

Najua utakayoyasema. Utasema Silima hana mkarafuu hata mmoja. Kweli, hana, ana mti wa ndimu. Utasema fundi bati kwa binti Mmanga, watu watasemaje. Watu, kaka, wamekwisha kusema kwamba Shangazi amekufa, na huyu hapa. Silima amefiwa na mke miaka mingi, hana deni la mtu, anaswali, ni mzito wa maneno na mzito zaidi wa kazi, kibatari anakifanya siku mbili. Sikio lake la kushoto limekufa kwa nyundo. Hilo halinisumbui, siku nikiwa na hasira nitakaa upande huo. Aliniuliza mimi napenda kufanya nini asubuhi. Nikamwambia nitafikiri.

Shehe Jecha amenieleza wazi kwamba hafungishi nikaha bila kauli ya walii, ama uje mwenyewe, ama umwakilishe mtu kwa mkono wako. Silima alitaka kukuandikia yeye. Nikamkataza, nikasema safari hii nitalisema mwenyewe kwa kaka yangu. Basi nalisema: Mzee Kificho simtaki, na Silima namtaka. Ukikataa nitakaa kimya na nitaendelea kukupenda, lakini nitarudi kunywa chai nimesimama.

Barua hii anakuletea Nyange, jirani yetu, anayekuja Tanga kuwaona wanawe. Anakuletea pia kikasha cha bati chenye mfuniko, ambacho nadhani huhitaji kuambiwa kakitengeneza nani. Ndani mna mikate ya madirisha, ya shayiri. Itakuwa imekauka kidogo kwa safari, mwambie wifi aipashe moto juu na chini, na majirani wakiuliza nani mgonjwa, waambie hakuna. Watoto nawabusu wote, mkubwa kwa mdogo. Shangazi anakusalimu na anasema yeye amemsamehe kila mtu, na kwamba mchuzi wa pweza ujaribu.

Nyange atarudi Wete kabla ya Maulidi. Nimemuusia asipande chombo bila kile kikasha mkononi. Mimi na wewe, kaka, tumelelewa na mama mmoja, na wewe ndiye uliyekuwa ukitumwa kurudisha vyombo vya watu. Hujawahi kukirudisha hata kimoja kitupu.

Mdogo wako anayekupenda na kukungojea,
Mwanapili binti Mmanga